Hewa ya Chumba cha Mama

Jina la Pua alipewa na marehemu baba yake. Alipokuwa mtoto, alikuwa akinusa maziwa yanayoungua jikoni kwa jirani kabla jirani mwenyewe hajashtuka. Alipokua akasoma akawa mkemia, na jina likamfuata mpaka maabara. Hata mkuu wa maabara, mtu asiyependa utani, alimwita Pua mbele ya wageni bila kucheka.

Kazi yake ilikuwa kusafisha hewa ya ndani ya nyumba. Samani mpya za chipibodi, yaani vumbi la mbao lililoshindiliwa na gundi, hutoa gesi iitwayo formaldehidi. Haionekani kwa macho, lakini inayawasha. Inakwaruza koo, inaumiza kichwa, na mtu akiivuta miaka na miaka inaweza kumletea maradhi mabaya zaidi. Pua na wenzake walikuwa wakitengeneza kichocheo cha kuivunja gesi hiyo: chembe za platini, ndogo kupita kiasi, zilizotawanywa juu ya unga mweupe kama ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta. Unga huo hupakwa ndani ya sega la kauri lenye vitundu vingi, na feni ndogo hupitisha hewa humo. Gesi ikigusa platini inaungana na oksijeni na kugeuka maji na hewa ukaa kidogo, basi. Haihitaji moto, joto la chumbani linatosha. Mkaa wa vichujio vya kawaida huinyonya gesi mpaka ukashiba, kisha siku ya joto kali ukaitapika yote. Platini haishibi. Pua aliweza kulieleza jambo hili mpaka chai ya msikilizaji ikapoa.

Mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea mstaafu aliyeishi peke yake katika nyumba ya zamani ya familia. Siku moja aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipofanyiwa upasuaji, watoto wake wawili walikubaliana kwamba hawezi kurudi kuishi peke yake. Pua alikuwa na chumba cha ziada kwenye nyumba yake ya ghorofani, chumba kilichojaa vitabu na baiskeli mbovu. Akatoa vitu vyote, akampigia simu mdogo wake, seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi na hata mama yake alikuwa karibu kulisahau jina alilompa.

"Nataka kabati la ukuta mzima, kitanda, na rafu za vitabu vya Mama," Pua alimwambia.

"Nipe muda, dada, nitafute mbao za kweli. Mama si mgeni wa kulala siku mbili."

"Mama anatoka hospitali wiki hii, Fundi. Atalala wapi, juu ya hizo mbao zako ambazo hazijapatikana?"

Walikwenda dukani pamoja. Pua ndiye aliyechagua chipibodi zenye uso mweupe unaong'aa, kwa sababu zilikuwepo, na kwa sababu alitaka Mama akifungua mlango aone mwanga. Fundi alipiga kazi kama mtu anayefukuzwa. Siku ya mwisho, kabati likiwa limesimama katikati ya chumba, alitoa utepe wa kuziba kingo.

"Bado kingo na migongo," alisema. "Nikiziba inapendeza."

Pua alitazama saa. Hospitali walikuwa wameshampigia. "Nyuma ya kabati nani ataona? Sukuma ukutani tumalize."

Fundi akacheka, akasukuma.

Hapo ndipo palipokuja kumuuma Pua baadaye kuliko mahali pengine popote. Alikuwa amewaeleza wageni wa maabara mara nyingi, akiwaonyesha kwa kidole, kwamba gesi hutoka zaidi kwenye kingo na migongo ya ubao isiyozibwa. Alilijua hilo kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake. Lakini siku ile hakukumbuka ukemia. Alikuwa binti anayekimbizana na gari la hospitali.

Mama aliingia na chuma chake cha kutembelea, akasimama mbele ya kabati, akapitisha kiganja kwenye milango.

"Hii ni kazi ya mwanangu?"

"Yote," akasema Pua.

"Ana mikono huyu mtoto. Na mimi nilikuwa namchapa kwa kuchonga madawati."

Siku za mwanzo nyumba ilijaa nyimbo. Mama alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za watoto wadogo akifanya jambo lolote, za kuhesabu vidole, za kunawa mikono, za kuita mvua ije na kuifukuza iende. Aliimba akikunja nguo, akaimba akitafuta miwani ambayo ilikuwa imekaa kichwani kwake. Kisha nyimbo zikapungua, na baada ya muda zikakatika kabisa. Pua alikuwa akirudi jioni kichwa kimemjaa mambo ya tanuri la kuchomea masega na chumvi za platini, na alipoikuta nyumba kimya alijisemea, afadhali, Mama ametulia.

Wageni waliofika walisema chumba kinanukia vitu vipya. Pua hakusikia harufu yoyote. Miaka ya kushinda na gesi ile maabara ilikuwa imemchosha pua, na hakulijua hilo.

Mama alianza kutoka chumbani. Alikuwa akijikokota na chuma chake mpaka kwenye ngazi za jengo, akakaa hapo asubuhi nzima, watu wakipanda na kushuka.

"Mama, mbona nje?" majirani walimuuliza.

"Napunga hewa," aliwajibu.

Pua aliona aibu. "Watu watasema nakunyima hata kiti," alimwambia. Na kwa kuwa barabara ya chini ilikuwa na vumbi, kila alipolikuta dirisha la Mama limefunguliwa alilifunga. Mama akilifungua tena, Pua akalifunga tena, kwa upendo wote.

Macho ya Mama yakawa mekundu, yakawa yanatiririka. Sauti ikakwaruza. Pua alimpeleka kwa daktari wa macho, mwanamke mpole aliyemwangalia Mama kwa makini kisha akauliza, "Kuna kitu kipya nyumbani? Moshi? Vumbi? Rangi?"

Mama alifungua mdomo kujibu, lakini Pua alimwahi. "Hapana, daktari. Nyumba safi kabisa."

Wakapewa dawa ya matone, wakarudi, na Mama akaingia chumbani kwake, na Pua akamfungia dirisha.

Haikupita wiki akamkuta tena Mama ngazini, uso umelowa, jirani amemshika bega akimbembeleza. Pua alimwingiza ndani, akafunga mlango, na maneno aliyokuwa ameyameza kwa muda mrefu yakamtoka.

"Mama, sema tu kwamba hutaki kukaa kwangu. Usikae mbele za watu unalia kama umefungwa jela."

Mama alijifuta kwa pindo la khanga. "Silii, mwanangu. Macho ndiyo yanalia yenyewe."

"Macho hayalii yenyewe."

Mama aliliachia pindo la khanga. "Basi," alisema kwa ile sauti yake mpya ya kukwaruza. "Sitakaa nje tena." Na kweli, kuanzia siku hiyo hakukaa. Alishinda chumbani, dirisha limefungwa, mlango umerudishwa, ili asimwaibishe mtoto wake.

Wakati huo maabara walikuwa wamemaliza sanduku lao la kwanza la ukubwa kamili, feni mbele, sega la platini ndani. Lilikuwa limeahidiwa kwa chekechea moja iliyohamia jengo jipya lenye madawati mapya na makabati mapya, ambako watoto walikuwa wakisugua macho tangu siku ya kwanza. Kabla ya kulipeleka, Pua alitakiwa kwenda kupima hewa ya pale. Kipimo, kidude cha kushika mkononi chenye kioo kidogo, kilihitaji kwanza kulinganishwa na hewa ya kawaida ya nyumba ya kawaida. Akakichukua nyumbani.

Jioni alikiwasha sebuleni. Namba ilikuwa juu kidogo kuliko alivyotarajia. Alikunja uso, akakitikisa. Mama akamwita kutoka chumbani, akiomba maji. Pua akachukua glasi kwa mkono mmoja, kipimo kikiwa bado kwenye mkono wa pili, akasukuma mlango kwa kiwiko.

Kipimo kikapiga kelele.

Alifikiri kimeharibika. Akatoka nacho, kikanyamaza. Akaingia, kikalia. Akaweka glasi juu ya rafu, akafungua mlango wa kabati, akakiingiza katikati ya magauni ya Mama, na kile kidude kikapaza sauti mpaka Mama akaziba masikio.

"Kinalia nini hicho?"

Pua alitazama kioo. Namba ilikuwa ya juu kuliko zile wanazozitengeneza wenyewe maabara wanapotaka kulijaribu sega kwa ukali. Alimtazama Mama akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu, leso imelowa mkononi, akimngojea ampe maji.

"Betri, Mama," alisema. "Betri imekwisha."

Alifungua dirisha. Akasema kuna joto. Mama alishangaa, kwa sababu hakukuwa na joto, lakini alinyoosha shingo kuelekea dirishani kama mmea uliosahauliwa stoo, na Pua alipoona jinsi alivyovuta ile pumzi ilibidi atoke.

Jambo la kufanya lilikuwa wazi. Kabati litoke. Lakini kulitoa kabati kulihitaji kumwita Fundi, na kumwita Fundi kulihitaji kumwambia kwa nini. Na Mama angeuliza. Na angelazimika kusema: niliijua gesi hii, nalipwa kwa kuijua, na nimekufungia ndani yake, na nikakugombeza kwa kulia. Kila alipojaribu kuyapanga maneno hayo aliyaacha katikati. Akajiambia kuna njia nyingine. Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa maabara.

"Lile sanduku bado kidogo," alisema. "Nataka niliendeshe mfululizo kwanza, nikiwa nalo karibu. Nisije nikawapelekea watoto kitu kitakachozima njiani."

Mkuu hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mizani. "Wewe ndiye unayelijua. Likiwa tayari, sema."

Hakuna kilichomuuma kama kuaminiwa namna ile. Alilibeba sanduku, akaliweka kwenye gari, na jioni hiyo likawa linavuma taratibu kwenye kona ya chumba cha Mama.

"Hii ni redio isiyoongea?" Mama aliuliza.

"Inasafisha hewa."

"Kwani hewa yangu ina nini?"

"Vumbi tu, Mama."

Sanduku lilifanya kazi. Lilifanya kazi vizuri kuliko alivyowahi kuliona maabara. Siku hadi siku kipimo kilishuka. Macho ya Mama yakaanza kurudi meupe, akaacha kujishika kichwa, akaomba chakula mara ya pili. Asubuhi moja Pua alikuwa akipiga mswaki akasikia kutoka chumbani wimbo wa kuhesabu vidole, taratibu, sauti ikikwama kwenye zile noti za juu kisha ikipita kando yake. Alifungua bomba lote la maji ili asisikike, akalia.

Lakini mwalimu mkuu wa ile chekechea naye alikuwa na simu, na alikuwa nayo mkononi kila siku.

"Mkemia, lile sanduku vipi? Watoto wamelala mchana wakaamka wanakohoa wote."

"Tunamalizia majaribio, mwalimu. Kidogo tu."

"Nimefungua madirisha, lakini mvua inanyesha, vitanda vinalowa. Mzazi mmoja amemwondoa mwanawe leo."

"Nakuelewa, mwalimu. Kidogo tu."

Pua alimwelewa kweli. Alikuwa na uwezo wa kuwaona wale watoto hata akifumba macho. Usiku alipolala alisikia feni ya sanduku ikivuma chumbani kwa Mama na alijua kila inapozunguka inachukua pumzi ya mtu mwingine. Hata hivyo asubuhi aliliacha palepale.

Siku ya mapumziko, mchana, simu ile ikaja wakati Pua amesimama koridoni. Mwalimu alikuwa akilalamika kwa sauti ya juu, na mlango wa Mama ulikuwa wazi. Pua alipokata simu, Mama alikuwa ameshasimama mlangoni ameegemea chuma chake.

"Watoto gani hao?"

"Wa kazini, Mama. Chekechea fulani. Wana shida ya hewa."

Mwanamke aliyelea watoto wa watu maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alimtazama binti yake, akageuka akalitazama sanduku, akarudi kumtazama binti yake.

"Kile kidude kilichoko chumbani kwangu ni cha nani?"

Pua alitazama simu mkononi mwake.

"Nimekuuliza, Pua."

"Ni chao."

Mama hakupiga kelele. Alitembea hatua kwa hatua mpaka kwenye kona, akainama kwa shida, akachomoa waya ukutani. Feni ikasimama.

"Nimewafuta kamasi watoto wa kila aina," alisema. "Wengine nimewabeba na homa mpaka kwao. Leo unanifanya niwanyang'anye hewa, na wala hukuniuliza?"

"Mama, ungeumwa. Ulikuwa unaumwa." Na hapo, kwa kuwa hakubaki na pa kujificha, akasema yote: mbao alizozichagua, migongo aliyokataa izibwe, madirisha aliyoyafunga, daktari aliyemjibu kabla Mama hajatoa neno. Alisema akiwa amesimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alipofika kwenye yale maneno ya jela alishindwa kuyarudia.

Mama alikaa kitandani. Alikunja leso, akaikunjua.

"Kumbe nilikuwa siringi," alisema. "Mimi mwenyewe nilishaanza kuamini kwamba nimezeeka nikawa na roho mbaya. Nilikuwa naomba Mungu anisaidie niipende nyumba yako."

Pua angependelea kofi.

"Fundi anajua?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Basi mwite. Na hicho kidude kitoke leo."

Fundi alikuja na sanduku lake la vifaa, akipiga mluzi tangu ngazini, akidhani mlango wa kabati umelegea. "Nani amebomoa kazi yangu?" alisema akiingia. Alipoona nyuso zao akaacha mluzi. Pua akamweleza. Fundi alisikiliza amesimama, kisha akakaa juu ya sanduku lake la vifaa kama mtu aliyechoka ghafla.

"Kwa hiyo nimemjengea Mama nyumba ya sumu," alisema.

"Mimi ndiye niliyezichagua mbao. Mimi ndiye niliyekwambia usizibe."

"Lakini niliyepigilia ni mimi."

"Hukujua, Fundi. Mimi nilijua."

Fundi alimtazama dada yake, na Pua alitamani atoe japo mzaha mmoja, kwa maana Fundi alikuwa na mzaha hata msibani. Hakutoa. Alisimama akaanza kufungua skrubu. Pua aliposhika upande wa pili wa ubao ili amsaidie, alimwambia kwa upole, "Acha, dada," na hilo lilimkata maini kuliko kama angemtukana.

Alizishusha mbao zote peke yake, akazipanga uani. Jirani wa chini akatoka mbio.

"Mnatupa? Mbao mpya hivi? Nipeni mimi, nina chumba cha wajukuu!"

Fundi akageuka kumtazama Pua, akimwachia yeye ajibu.

"Hapana, jirani," Pua alisema. "Si nzuri."

"Si nzuri! Zinang'aa kuliko meno yangu." Jirani alisubiri. Ilibidi Pua amweleze na yeye pia, palepale uani, kwamba zinatoa gesi, na kwamba ndizo zilizokuwa zikimliza Mama pale ngazini. Jirani huyo ndiye aliyekuwa amemshika Mama bega. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaingia ndani bila kusema kwaheri. Mama jioni hiyo aliondoka na Fundi. Nyumba ya Fundi ilikuwa na viti vikuukuu na kuta zilizochubuka, na hewa yake ilipita kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Siku ya kazi ilipofika, Pua aliliweka sanduku juu ya meza ya mkuu wa maabara.

"Lilikuwa tayari tangu siku ile niliyokuomba muda," alisema. "Nililipeleka nyumbani kwa ajili ya mama yangu."

Mkuu alivua miwani. "Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Yuko kwa mdogo wangu."

"Ulikuwa na haja ya sanduku."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniomba?" Mkuu alinyoosha mkono kuelekea kabati la chuma lililokuwa ukutani. "Platini ipo. Masega tunayo. Ungeniambia mama yako anaumwa, sote tungekesha na tanuri, na baada ya siku chache tungekuwa na masanduku mawili. Lako na la watoto."

Pua alilitazama lile kabati. Alikuwa akilifungua kila siku kwa mkono wake mwenyewe. Siku zote zile, alizojiona amesimama kati ya Mama na wale watoto akimchagua mmoja, lile kabati lilikuwa pale na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake. Hakuwa amelazimika kuchagua. Alikuwa ameona haya tu kufungua mdomo.

Mkuu hakumfukuza. Alimwondoa kwenye uongozi wa kazi ile na kumrudisha kwenye tanuri na mizani, na akamtuma mwenzake kwenda kulifunga sanduku kule chekechea. Pua alikubali. Alitengeneza sega la sanduku la pili, akalitengeneza vizuri kuliko la kwanza, unga ukaenea kila kitundu bila doa, lakini alipolitoa kwenye tanuri hakumwonyesha mtu.

Mama alipona macho. Sauti ilirudi nusu. Daktari alisema apewe muda, pengine yote itarudi, pengine si yote. Mama alilifanyia mzaha. "Zamani nilikuwa naimba na wasichana," alisema, "sasa nimehamishiwa kwa wanaume, safu ya nyuma." Fundi alicheka. Pua naye alicheka, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku moja akiwa pale kwa Fundi, simu iliita. Alikuwa mwalimu mkuu wa chekechea.

"Mkemia! Nimekupigia kukushukuru," sauti ilikuwa na furaha tele. "Watoto hawasugui macho tena. Wanalala mchana kama magogo. Yule aliyeondolewa amerudi. Mungu akubariki wewe na mikono yako."

Angeweza kusema asante. Neno moja, na simu ingekatwa kwa heri. Mama alikuwa amekaa mbele yake akichambua mchele, hakuinua macho.

"Mwalimu," Pua alisema, "lile sanduku lilikuwa tayari muda mrefu. Wakati ule unanipigia, nilikuwa nalo nyumbani kwangu. Mama yangu alikuwa anaumwa nikamwekea yeye. Nilikudanganya."

Upande wa pili zilisikika sauti za watoto kwa mbali, na mtu akigonga meza.

"Kila nilipokupigia? Lilikuwa tayari?"

"Kila uliponipigia."

"Nilikuwa nikiwaambia wazazi kwamba wataalamu wanajitahidi."

"Najua."

"Basi," alisema mwalimu. "Mimi naingia darasani." Simu ikakatwa.

Pua aliishusha. Mama aliendelea kuchambua mchele, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Amesemaje?"

"Amekata."

"Ulitaka akwambie nini?"

Pua aliitia simu mfukoni.

"Lile la pili ulilotengeneza liko wapi?"

"Maabara. Mkuu ameniruhusu nilipeleke kokote linakohitajika."

"Watoto wanalalia chumba kimoja na kusomea kingine," Mama alisema. "Hakuna chekechea yenye chumba kimoja. Nenda kesho, kwa miguu yako. Usimtume mtu."

Kesho yake Pua alikwenda, sanduku mikononi, kipimo kwenye mkoba begani. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye chaki kwenye mkono wa gauni. Alifungua mlango, akamtambua kwa lile sanduku kabla hajajitambulisha, na uso ukakunjamana. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alilitazama sanduku.

"La chumba cha kusomea," alisema Pua. "Na nilikuwa naomba nipime hewa ya vyumba vyote. Kama kuna madawati ambayo hayakuzibwa chini, mdogo wangu seremala amesema atakuja kuyaziba yote. Amejitolea mwenyewe."

"Wanakula sasa," mwalimu alisema. "Huwezi kuingia na mashine wakiwa wanakula."

"Nitasubiri."

"Watachelewa. Wana maringo ya kula."

"Nitasubiri, mwalimu."

Mwalimu aliingia ndani. Baada ya kitambo alirudi na kiti, kimoja cha wale watoto, kifupi mpaka gotini, akakiweka koridoni karibu na ukuta. Kisha akaenda zake bila kutazama nyuma. Pua alikaa, magoti yamemfikia kidevuni, sanduku kwenye mapaja. Mtoto mmoja mwenye mdomo uliojaa chakula alichungulia mlangoni, akamtazama kwa macho makavu, meupe, akaitwa akarudi ndani.